Mvua ya wastani, magunzi ya mapengo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu jinsi habari za mvua zinavyoandikwa kwa ajili yetu sisi tunaolima katika maeneo yanayokumbwa na ukame mara kwa mara. Kila msimu unapokaribia, kurasa zenu hutuarifu kwamba mvua zinatarajiwa kuwa za wastani, juu ya wastani au chini ya wastani, na msimu unapokwisha hutuarifu ni milimita ngapi zilinyesha. Sina shaka na ukweli wa taarifa hizo, na huzisoma kwa makini. Lakini jumla ya msimu ni hesabu ya kwenye daftari. Mmea shambani unaishi kwa maji ya wiki hii na ya wiki ijayo.

Tuchukue mashamba mawili yaliyopata milimita 400 kila moja katika msimu mmoja. La kwanza limenyeshewa kwa kiasi kila baada ya siku tano au sita. La pili limepata zaidi ya nusu ya mvua yake katika siku chache za mwanzo, kisha jua likawaka siku 20 mfululizo mahindi yalipokuwa yanatoa mbelewele, halafu mvua ikarudi kwa kishindo wakati mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika. Katika takwimu mashamba hayo ni pacha, ingawa mwenye shamba la kwanza anatafuta magunia na mwenye la pili anakata mabua ya kulishia ng'ombe.

Kinachotokea katika siku hizo 20 anayelima anakijua kwa macho. Mwanzoni majani huamka yamesimama vizuri, yakajikunja saa sita mchana na kufunguka tena jioni. Baada ya siku chache hujikunja saa nne asubuhi, na hatimaye hata usiku hayafunguki sawasawa. Wakati huohuo mbelewele inamwaga chavua yake, nayo haimsubiri mtu, kwa kuwa kazi hiyo huchukua siku chache tu. Ndevu za gunzi, ambazo zinahitaji maji mengi ili zirefuke na kuchomoza, huchelewa kwa sababu ya kiu, na zinapotokeza hukuta chavua imekwisha. Ndiyo maana siku ya kuvuna unamenya gunzi na kulikuta lina punje hapa na pale, lenye mapengo kama kinywa cha mzee, huku jirani asiyelima akikushangaa unavyolalamika ilhali juzi tu mvua imejaza mitaro. Mvua hiyo ya juzi haizibi hata pengo moja.

Utabiri wenyewe nao tunausoma vibaya, na hapa lawama ni yetu sote. Neno «wastani» linatokana na kumbukumbu za miaka 30, ambazo hugawanywa katika mafungu matatu yaliyo sawa: miaka ya mvua nyingi, ya kadiri na ya mvua haba. Watabiri wakisema kuna uwezekano wa asilimia 45 wa mvua chini ya wastani, maana yake uwezekano wa kutokuwa hivyo ni asilimia 55. Kichwa cha habari kikiandika «Ukame waja», na mvua ikanyesha, watu husema wataalamu wamedanganya, na mwaka unaofuata hawawasikilizi tena. Pembe ya Afrika ilipoteza misimu mitano ya mvua mfululizo, kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, kisha mwishoni mwa 2023 mafuriko yakapita juu ya ardhi ileile. Wastani wa miaka hiyo, hata ukikokotolewa kwa uangalifu kiasi gani, hauelezi hata msimu mmoja kati ya ile waliyoiishi wakulima na wafugaji wa huko.

Swali ambalo ningependa liulizwe zaidi kuliko «imenyesha kiasi gani» ni «imekwenda wapi». Milimita moja ya mvua juu ya hekta moja ni lita 10,000 za maji. Kwa hiyo mvua moja kubwa ya milimita 30 inaishushia hekta hiyo lita 300,000 kwa muda wa saa moja au mbili. Ni maji mengi mno kwa mtu anayeteka kwa ndoo. Hata hivyo, watafiti waliopima mashamba ya nyanda kavu wamekuta mara kwa mara kwamba sehemu ya mvua ya msimu inayopita ndani ya mmea haifiki theluthi. Nyingine huruka kuwa mvuke kutoka kwenye udongo ulio wazi, nyingine huzama chini kupita mizizi, na nyingine hutiririka kwenda korongoni ikiwa imebeba udongo wa juu, ule ulio bora.

Niliwahi kujionea jambo hili asubuhi moja baada ya mvua iliyopiga usiku kwa radi na upepo. Nilitoka nikiwa na furaha, nikachomeka panga katika sehemu ya shamba langu iliyolimwa kwa plau miaka mingi kwa kina kilekile. Unyevu uliishia kwenye kina cha vidole vinne, na chini yake vumbi. Juu ya udongo palikuwa na gamba laini linalong'aa, kama ukoko wa chunguni, lililofanywa na matone yaliyopiga udongo mtupu na kuziba vinyweleo vyake. Hatua chache kutoka hapo, mahali nilipokuwa nimetandaza mabua ya msimu uliopita, panga liliingia shubiri mbili katika udongo mbichi. Mvua ilikuwa ileile, na mteremko uleule.

Mbinu za kuyashika maji hayo zipo na zinajulikana, kiasi kwamba baadhi zimetoka katika lugha yetu hii na kuingia katika vitabu vya kilimo vya dunia nzima: wataalamu wa hifadhi ya udongo wanaozungumza Kiingereza huandika «fanya juu» na «fanya chini» bila kuzitafsiri. Katika fanya juu, mkulima huchimba mtaro kufuata kontua, yaani mstari wa usawa mmoja unaokatiza mteremko, na kuutupa udongo upande wa juu ili ufanye tuta. Mwaka baada ya mwaka udongo unaoshuka hukwama nyuma ya tuta hilo, na shamba la mteremko hugeuka polepole kuwa ngazi zinazokaribia kuwa tambarare. Yapo pia matuta yaliyofungwa kwa vizuizi vidogo kila baada ya mita moja au mbili, ambayo hugeuza mifereji kati ya mistari kuwa mabeseni. Na yapo mashimo ya zai ya Burkina Faso, ambayo nitayaeleza kidogo kwa sababu yananivutia kuliko yote.

Mkulima mmoja wa mkoa wa Yatenga, Yacouba Sawadogo, alianza mnamo miaka ya 1980 kuyaboresha mashimo ambayo wazee wa kwao walikuwa wakiyachimba katika ardhi iliyokauka kama saruji. Aliyapanua, akayachimba wakati wa kiangazi kabla mvua haijaja, akaweka samadi na masalia ya mimea ndani yake. Samadi iliwaita mchwa. Mchwa wakatoboa njia kwenye udongo mgumu. Mvua ya kwanza ilipofika ikakuta milango iko wazi. Katika shimo hilohilo alipanda mtama au uwele, na mbegu za miti zilizokuja na samadi zikaota pamoja na nafaka, mpaka kukatokea msitu mahali palipokuwa patupu. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Right Livelihood, na alifariki dunia mwaka 2023. Linalonigusa ni kwamba hakuongeza hata tone moja la mvua. Alibadilisha tu mahali inapokwenda, tena akaipa mbolea ya kufanya nayo kazi, kwa sababu udongo uliochoka hauwezi kuyatumia maji hata ukipewa ya kutosha.

Nisieleweke kana kwamba mbinu hizi ni dawa ya kila mahali. Kuchimba maelfu ya mashimo katika hekta moja ni kazi ya jembe inayovunja mgongo, na familia yenye watu wawili wenye nguvu haiwezi kuimaliza kwa kiangazi kimoja. Katika udongo wa kichanga kuta za mashimo huporomoka. Mwaka wa mvua nyingi, matuta yaliyofungwa hutuamisha maji hadi mimea ikageuka njano kwa kukosa hewa mizizini, na anayejua kazi yake hulazimika kwenda na jembe kufungua vizuizi. Mabua ya kutandaza ndiyo hayohayo ng'ombe wanayoyangojea. Na aliyekodi shamba kwa msimu mmoja hawezi kulaumiwa akikataa kujenga makingamaji ambayo faida yake itavunwa na mwenye ardhi miaka mitano ijayo. Katika hili, mkataba wa kukodi wa muda mrefu ungeleta maji mengi shambani kuliko semina kumi.

Kuna watakaonijibu kwamba suluhisho ni umwagiliaji. Siupingi. Lakini takriban asilimia 80 ya ardhi inayolimwa duniani hutegemea mvua moja kwa moja, na kusini mwa Sahara ni zaidi ya asilimia 90. Wengi wetu tutazeeka kabla ya mfereji kufika. Kinachowezekana mapema ni lambo dogo la shambani, lisilokusudiwa kumwagilia msimu mzima bali kuvusha mmea katika zile siku 20. Shimo la mita 10 kwa 8, lenye kina cha mita mbili na kuta zilizosimama wima, hubeba lita 160,000. Lita 100,000 zinatosha kuipa ekari moja maji ya milimita 25 hivi, ambayo yakitolewa katika wiki ya mbelewele yanaweza kuamua kama kutakuwa na mavuno au la. Hesabu hiyo, hata hivyo, inadai uangalifu. Jua la nyanda kavu huchukua milimita sita au zaidi kwa siku kutoka kwenye maji yaliyo wazi, sawa na lita 480 kila siku katika lambo hilo, na udongo usiotandikwa plastiki au kushindiliwa kwa udongo wa mfinyanzi hunywa zaidi ya hapo. Tena lambo liwekewe uzio imara kabla ya kujaa, kwa sababu watoto huzama.

Baada ya maelezo hayo, Ndugu Mhariri, nina maombi ambayo hayahitaji bajeti kubwa. Mamlaka nyingi za hali ya hewa hutoa taarifa za kila siku kumi. Tafadhali zichapisheni msimu mzima, hata kwa safu ndogo, pamoja na tarehe ya mvua kuanza na idadi ya siku kavu zilizofuatana, badala ya kusubiri jumla ya mwisho. Tarehe ya kuanza ina uzito wa pekee, kwa sababu wengi hupanda kwenye mvua ya kwanza inayodanganya, mbegu ikaota na kufa, na anayepanda mara ya pili huwa ametumia akiba ya mbegu na siku ambazo hazirudi. Mnapochapisha utabiri, andikeni asilimia zote tatu, si ile moja inayotisha.

Na mwandishi wenu atakapotumwa tena kwenye shamba lililokauka, pamoja na kupiga picha ya udongo uliopasuka, aombe jembe kwa mwenyeji wake, achimbe pale na achimbe kwa jirani mwenye makingamaji, kisha atuandikie unyevu umeishia kwenye kina gani katika kila shimo.

Wako,
Mkulima na msomaji wa gazeti lako