Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: kabla ya chanjo ijayo, tupe viti viwili kwenye kamati yako

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Nakusalimu kutoka Newala, huku juu Makondeni. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mwaka 2021 nilipita nyumba kwa nyumba nikihimiza watu wachanjwe dhidi ya korona, na yale niliyoyaona sijaacha kuyafikiria. Nakuandikia wewe kwa kuwa ndiwe mwenyekiti wa Kamati ya Afya ya Msingi ya mkoa, na kampeni ya chanjo hupita mezani kwako kabla haijafika kwetu.

Husemwa kwamba watu wa Kusini ni wagumu kuelewa. Neno hilo linaniumiza. Mama wa kijijini kwangu huamka alfajiri, akamfunga mtoto mgongoni na kutembea hadi zahanati kwa ajili ya chanjo ya surua. Kadi ya kliniki huitunza pamoja na stakabadhi za korosho. Huyo haogopi sindano. Surua anaijua, nesi anamjua, na tangu mtoto wake wa kwanza maneno ya zahanati ni yaleyale.

Ya korona yaligeuka. Januari 2021 tulimsikia Rais Magufuli, Mungu amrehemu, akiwa Chato, akisema chanjo hazifai. Tukaendelea na nyungu na malimao. Tarehe 28 Julai mwaka huohuo Rais Samia akachanjwa hadharani, siku chache baada ya nchi kupokea dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo za korona. Namshukuru kwa kutangulia yeye mwenyewe. Lakini katika miezi hiyo sita hakuna aliyefika kijijini kwetu kutueleza nini kimejulikana sasa ambacho mwanzoni hakikujulikana. Mzee mmoja aliniuliza barazani kwake: "Mwanangu, tushike lipi?" Mkononi nilikuwa na vipeperushi tu.

Na sisi, Mheshimiwa, ni mkoa uliopita kwenye machungu ya gesi mwaka 2013, watu walipopinga gesi yetu isafirishwe kwa bomba kwenda Dar es Salaam, zikazuka vurugu. Mtu mwenye kovu hilo ukimletea kitu cha bure tena kwa haraka, atakuuliza kwa nini hiki ni bure wakati ndoo ya maji ananunua. Niliulizwa hivyo zaidi ya mara moja, na sikuona ujinga ndani yake.

Kichupa cha Janssen kilikuwa na dozi tano, na kikishafunguliwa kilitakiwa kiishe ndani ya saa sita, kikiwa kwenye ubaridi. Kwa hiyo nesi alisubiri watimie watano. Nilimpeleka mama mmoja kwa miguu, tukakuta wako wawili, akaambiwa arudi kesho. Hakurudi. Kwenye takwimu huenda aliandikwa kuwa amekataa, na mimi najua hakukataa.

Lililotuumiza kuliko yote lilikuwa homa ya jirani yangu. Alichanjwa, usiku akapata homa na maumivu ya mwili. Asubuhi akarudi alikochanjwa, akajibiwa kwamba ni kawaida, akalale. Ni kweli ni kawaida. Ila hakuna aliyemwambia mapema, wala hakuna aliyemtembelea siku ya pili. Kufikia jioni habari yake ilikuwa kwenye bao, kesho yake kisimani, na kila ilipopita iliongezewa chumvi. Mlango niliokuwa nakaribishwa uji nikaukuta umefungwa.

Vivyo hivyo habari ya damu kuganda. Ilitufikia kwenye simu, bila namba. Kumbe Aprili 2021 Marekani walipoisimamisha Janssen kwa siku kumi, walikuwa wameona wanawake 6 katika dozi takriban milioni 6.8. Mkulima wa korosho anajua kupima kilo na daraja, na hesabu hiyo angeielewa. Aliyemficha akidhani anamlinda asipate hofu ndiye aliyempa hofu.

Nilichokiona kikifanya kazi nakueleza. Kijijini kwetu kuna kungwi ambaye wanawake hawapiti bila neno lake. Nilimwomba daktari mmoja aje, akaja, akavua viatu, akaketi mkekani. Kungwi akamuuliza bila kupepesa: "Itatufunga kizazi?" Daktari akamjibu kwamba hakuna ushahidi wa hilo, na kwamba huko zilikotangulia nchi nyingine wanawake wamechanjwa na wamezaa. Akaulizwa kinga itadumu muda gani. Akasema hajui, bado wanafuatilia. Nilidhani tumeharibikiwa. Kungwi akatikisa kichwa akasema, "Huyu hatudanganyi." Wiki hiyo alikwenda kuchanjwa na wanawake 11 nyuma yake.

Jirani zetu wa Lindi walitupa mfano mwingine Julai 2022. Ruangwa watu walitokwa damu puani, 20 wakaugua na 3 wakafariki. Serikali ilisema wazi kwamba haijaujua ugonjwa, ikachukua sampuli, na haikuchukua muda mrefu Waziri wa Afya akautaja: homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria ambao watu huupata kutoka kwa wanyama. Hofu ilikuwepo, lakini uvumi haukupata nafasi ya kujenga nyumba.

Ombi langu ni dogo. Katika kamati unayoiongoza, naomba viti viwili: kimoja cha makungwi, kingine cha viongozi wa AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, kwa sababu wakati wa minada ya korosho hakuna mkutano wa kijiji unaojaa kama wao wanavyojaza. Waitwe mapema, wakati hakuna ugonjwa, waulize yote wanayotaka kuuliza. Ratiba isigongane na minada wala msimu wa unyago. Na kila kituo kiwe na daftari la maudhi ya chanjo, na mtu wa kumfuata aliyeugua hadi nyumbani kwake. Kazi hiyo ya kufuata niachie mimi na wenzangu.

Kikao kijacho kikipangwa, nijulishwe walau siku tatu kabla. Nauli ya kushuka Mtwara nitajitafutia, na kungwi nitakuja naye. Ana maswali mengine tayari.

Wako katika kazi,
Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Newala