Wifi, kabla hujafungua hiyo dei kea

Wifi yangu, habari za huko Tabata. Nimeziona picha za sebule ulivyoipaka rangi, katuni mpaka dirishani, pamependeza kwa kweli. Ila kuna jambo nataka nikwambie, na naliandika hadharani makusudi maana nawajua wengi wanaofungua vituo sasa hivi.

Unakumbuka mwanangu alivyokuwa anarudi kutoka dei kea na chupi mbichi kila jioni? Miaka minne, nyumbani hajikojolei kabisa. Mwalimu wa kile kituo cha kwanza akawa ananiambia bado hajazoea, mama mvumilie. Nikimuuliza mwenyewe kwenye daladala, mbona chooni huendi, kimya, anachezea zipu ya begi tu. Nikamchapa hata, Mungu anisamehe.

Siku ya kikao cha wazazi nikamwambia mwanangu, mimi mgeni hapa, nitembeze. Akanishika kidole akanionyesha wanapovua viatu, ndoo ya maji, dada anapopikia uji, hadi kitundu cha sisimizi ambacho tulikaa nacho hapo muda mrefu kweli, afu tulipokaribia kona ya choo akanivuta turudi. Na kule je? "Kule kuna mtu anagonga." Nikaingia. Mlango wa bati, upepo ukija unajigonga wenyewe, na ndani taa imeungua, giza totoro. Basi, shida yote ndo hiyo, balbu na kipande cha kamba!

Baadaye nikaja kusoma kumbe Uingereza kuna Alison Clark na Peter Moss waliiandikia kitabu mwaka 2001 njia kama hii ya kuwasikiliza watoto, wanaiita mosaiki: mtoto anakutembeza, anapiga picha, anachora ramani ya pale anapokaa, we unaunganisha vipande. Na hata kwetu Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 11, inasema mtoto anayeweza kuwa na maoni asinyimwe kuyatoa, asikilizwe, na ashirikishwe kwenye maamuzi yanayogusa ustawi wake. Umri haijataja.

Sasa usije ukawakalisha mkekani ukauliza mnapapenda hapa, watakuitikia "ndiyooo mwalimuuu" wote hata aliyetoka kulia. Wape simu ya zamani wapige picha. Wangu nilipompa nilikuta magoti ya watu, sufuria, na geti mara saba, geti tupu. Hiyo nayo ni kauli wifi, kuna mtu alikuwa anamngoja.

Sisemi kila wanachotaka wapewe, wangu ukimwachia atakunywa soda asubuhi. Ila ukikataa mwambie kwa nini, na ukirekebisha kitu mwambie tumeweka taa kwa sababu ulisema, utaona anavyovimba kichwa.

Jumamosi nakuja naye, mwache akutembeze yeye hapo kwako. Na choo, nimekiona kwenye ile picha ya tatu, hakina dirisha.