Kadi ya simu ikikataa, usiitupe kwanza

Mhariri,

Kando ya vibanda vya Kondele na Kibuye hapa Kisumu, kadi za kukwaruza hutupwa kwa hasira, ati ni ghushi. Nyingi hazina ubaya wowote.

Kasoro huanzia kwenye kukwaruza. Funguo na wembe hung'oa wino pamoja na utando wa kijivu, 8 ikaonekana 3. Laza kadi juu ya meza, utumie ukucha au ukingo wa sarafu, polepole. Tarakimu ikifutika usibahatishe, kwa sababu ukikosea mara kadhaa mfululizo laini yaweza kufungiwa kuweka kadi kwa muda. Pigia huduma kwa wateja, ambayo kwa Safaricom ni 100, uwasomee ile nambari nyingine iliyochapwa wazi nje ya utando. Kwa nambari hiyo wanaweza kuitafuta kadi na kujua kama imeshatumika. Aliyetupa kadi hana cha kuwasomea. Lakini mtu akikupigia yeye, hata akijiita nani, nambari ya siri iliyo chini ya utando usimpe.

Simu za laini mbili nazo zina vituko vyake. Una kadi ya Safaricom, unabonyeza *141*, nambari ya siri, kisha #, simu inatuma kupitia laini ya Airtel, na bila shaka inakataa. Chagua laini kabla ya kutuma. Na mtandao ukikatika katikati, usirudie papo hapo; tazama salio kwanza kwa *144#. Mara nyingi kredo imeshaingia, na ukirudia ndipo unaambiwa kadi imetumika, lawama zote zinamwangukia mwenye duka.

Lalamiko linalozidi yote ni hili: "Nimeweka kadi ya 50, salio sufuri." Hapo muulize mteja kwanza kama ana deni la Okoa Jahazi, yaani kredo ya kukopa ya Safaricom. Ukikopa shilingi 50 unapewa 45, kwa kuwa ada ya asilimia 10 hukatwa mwanzoni, na deni linabaki 50. Kadi ya 50 ikiingia inamezwa yote. Ukiweka ya 20, nayo inaenda, na bado unadaiwa 30. Kadi ni nzima kabisa. Deni ndilo limekula. Kama hudaiwi na kredo inayeyuka tu, zima data: bando likiisha, intaneti huendelea kutafuna salio la kawaida. Menyu ya *544# ina mahali pa kuzuia hilo.

Kampuni za simu nazo zina la kufanya. Ile nambari ya nje huchapwa kwa tarakimu ndogo mno, na mzee asiye na miwani hawezi kumsomea mhudumu kabla kredo ya subira haijamwishia. Ikuzwe, nafasi kwenye kadi ipo. Picha za matangazo zipunguzwe.

Muuza kadi,
Kondele, Kisumu