Barua kwa mwanangu aliye Dodoma

Same, Jumapili jioni

Mwanangu,

Nimeandika kwa makapeni, ile kalamu nene, ili usisumbuke kusoma, ndiyo maana karatasi zimekuwa nyingi. Ungepokea simu tusingefika huku.

Nilikuwa natafuta shuka la mgeni nikaikuta darubini yako ya kusomea ubaoni kwenye droo ya chini, imeviringishwa ndani ya soksi. Kitu kilichosahauliwa hakivishwi soksi. Siku ileile mtoto wa shangazi yako akaniambia testi ya kuandika programu za kompyuta umepata tisa kwa thelathini, na kwamba unakaa nyuma kabisa ya ukumbi. Nyuma! Wewe ambaye tangu darasa la kwanza dawati lako liligusana na meza ya mwalimu.

Hebu niambie, huko nyuma ulikuwa unasoma nini? Kaka yako amenieleza kwamba kwenye hayo maandishi ya kompyuta nukta mkato moja ikikosekana programu nzima inagoma, na kwamba sifuri na herufi O zinafanana kama kulwa na doto. Wenye macho mazima wanakosea. Wewe ambaye kwa ualbino wako macho yanachezacheza na mwanga unakuumiza, utaiona nukta mkato ukutani ukiwa kule mlangoni? Unabahatisha tu, halafu unasema somo gumu. Mwenye divisheni wani ya PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, hawi mjinga ndani ya muhula mmoja. Somo hujalishindwa, hujaliona.

Mwambie mhadhiri. Hadithi ndefu haihitajiki: "Mwalimu, nina uoni hafifu, naomba slaidi kabla ya kipindi nizifungue kwenye kompyuta yangu." Basi. Ukishazipata unajua mwenyewe kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha mpaka herufi moja ijae kioo, na unajua kugeuza kioo kiwe cheusi maandishi yawe meupe. Simu yangu hii ni wewe uliyeirekebisha hivyo. Na mtihani ukikaribia, omba karatasi ya maandishi makubwa na muda wa ziada, kama ulivyopewa na Baraza la Mitihani kidato cha nne na cha sita. Haikuwa huruma ile. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu mwaka 2010. Kwenye fomu ya Bodi ya Mikopo hukuona haya kuandika kwamba una ualbino, daktari akagonga muhuri, mkopo ukaingia. Kwa mhadhiri ndiyo haya zimekujia?

Kama unaogopa watu watakuonaje, ngozi yako wameshaiona siku ya kwanza. Wasichokiona ni macho. Usiposema, mhadhiri atadhani umekaa nyuma kwa sababu hutaki kusoma, na wenzako unaopishana nao bila kuwasalimia watasema una maringo.

Najua ulikotoka. Miaka ile ya 2008 na 2009, wenzako wenye ualbino walipokuwa wanawindwa, nilikuwa nakwambia ukisikia hodi uingie chumbani, usikohoe. Ilibidi. Labda hapakuwa na mtu wa kukaa na wewe baadaye akakwambia sasa toka. Baba yako ananikumbusha niandike habari za Dkt. Abdallah Possi, mwenye ualbino kama wewe, kwamba alifundisha sheria hukohuko Dodoma, mwaka 2015 akawa naibu waziri, kisha balozi Ujerumani. Nimeandika. Mimi sikuombi uwe balozi, nakuomba usogee mbele.

Kwenye mfuko kuna kopo mbili za Kilisun, yale mafuta ya kukinga jua, mtu wetu alikwenda hospitali ya KCMC, Moshi, akaniletea. Jua la Dodoma unalijua, usipake usoni tu, masikio na shingo ya nyuma ndiko vidonda vinakoanzia. Kofia ni ile pana, usinicheke, hiyo kepu yako haifuniki kitu. Darubini iko katikati ya unga wa lishe ili isigongwe. Nimeishonea kamba mpya, ivae shingoni, si mfukoni. Mzigo utafika Jumanne, uufuate stendi ya Nanenane kabla ya jua kuwa kali. Na kesho yake ukakae mbele.

Huku tumeuza yule beberu mweusi. Pesa ya bati imetosha upande wa jikoni tu, kwa sababu fundi amepandisha bei baada ya kuona tumeshaezua. Bibi yako anauliza kama hiyo kompyuta unayosomea inaweza kutazama kwa nini pensheni ya babu imesimama, nimemwambia hapana, hajaamini, kwa hiyo akikupigia mjibu kwa adabu. Mdogo wako naye amebadilisha nenosiri la kompyuta ya zamani akalisahau, na baba yako ana hesabu za kikundi humo ndani. Piga simu umwelekeze namna ya kuifungua. Piga usiku, baada ya saa mbili, akiwa amemaliza vyombo.

Mama yako