Barua kwa mdogo wangu wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia: huyo "copper" wako

Mdogo wangu,

Sauti yako ya jana nimeisikiliza mara mbili, ya pili nikicheka. Eti madereva wa Zambia wamekufundisha kwamba Waingereza humwita polisi copper kwa sababu ya vifungo vya shaba kwenye koti lake. Hadithi tamu, ila ya uongo. Jina hilo limetoka kwenye kitenzi cha mitaani, cop, yaani kukamata. Wao wakitaka mtenda huongeza -er mwishoni, sisi tunamvika m- na -ji: kamata, mkamataji. Basi polisi wao ni mkamataji tu. Wa kwetu wa barabarani anakamata nini, unajua mwenyewe.

Copper ya kweli, yaani shaba, hiyo inayolala kwenye malori mbele yako, imetoka mbali. Warumi walipata shaba yao nyingi katika kisiwa cha Kipro, kwao Barnaba wa Matendo ya Mitume. Wakaiita aes Cyprium, madini ya Kipro. Ulimi ukachoka, ikabaki cuprum. Humo Mwingereza akatoa copper, Mjerumani Kupfer, Mfaransa cuivre. Ile Cu uliyokuwa ukiisahau kila mtihani wa kemia ndiyo hiyo hiyo. Hata lile sufuria kubwa la kuchemshia nguo katika nyumba za zamani za Uingereza liliitwa copper, na lilipokuja kutengenezwa kwa chuma halikubadilishwa jina.

Lakini usiniletee kopo la maji humu! Hilo tulipewa na Wareno, kwao copo ni kikombe. Na kukopa, hilo unalijua kuliko mimi.

Wenzetu walichukua jina la mahali wakalibandika kwenye madini. Huku Mobutu akageuza: mwaka 1971 alichukua jina la madini akalibandika mahali, mkoa wetu wa Katanga ukawa Shaba hadi 1997. Karatasi ya kuzaliwa ya yaya yetu, mkubwa wetu sote, bado inasema Shaba. Kila ofisi anayokwenda wanaigeuza-geuza kama ya nchi nyingine. Na shaba nalo ni neno la kuja, Waswahili wa pwani walilitoa kwa Waarabu. Waulize hao hao madereva wanavyosema wakiongea Kibemba chao. Watakwambia mukuba.

Ule msalaba wa shaba wa nkambo, babu yetu, wa mikono minne, wa zamani za kulipia mahari, bado uko juu ya kabati, umeota kijani pembeni. Jumamosi mwanangu aliusugua kwa limau, mkono mmoja ukang'aa mwekundu kama umetoka motoni leo. Nkambo hasemi naye mpaka sasa. Ukija usiuguse. Na uje na makuta yangu, zile pesa ulizokopa.

Yaya wako, Lubumbashi