Mji wa Kale wa Lamu haukujengewa pikipiki

Kwako Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako tangu ujana wangu na sijapata kukuandikia, kwa kuwa mengi yaliyonikera niliyaacha yapite. Habari mliyoichapisha majuzi kuhusu waendeshaji bodaboda wa Lamu imenishinda kuiacha. Mwandishi wenu aliwasifu kwa kutuletea usafiri wa haraka, jambo ambalo ana haki ya kuliandika, lakini akaongeza kwamba wanaowapinga ni wazee wasiopenda maendeleo. Picha mliyoiweka ilipigwa barabara ya mbele, bahari ikiwa nyuma na pikipiki zikiwa zimepangwa safu, mahali palipo wazi ambapo hakuna anayegombana na mtu. Ndani ya mji hakuingia.

Laiti angekata kona pale Mkunguni, mbele ya Ngome, akaingia Usita wa Mui, njia kuu ya ndani ya mji, kisha akashika kichochoro chochote cha kupandia mtaa wa Mkomani. Angeona njia ambazo mtu akinyoosha mikono miwili anagusa kuta za pande zote mbili. Wembamba huo ulikusudiwa. Kuta ndefu zinatia kivuli mchana kutwa, na milango inafungukia njiani moja kwa moja, penye madaka ambapo watu hukaa baada ya sala. Vipimo vyake ni vya mtu anayekwenda kwa miguu na punda aliyebeba mzigo, na wawili hao wakikutana mmoja hujibanza mlangoni akampisha mwenzake. Pikipiki haijibanzi. Mlio wake ukishaingia kati ya kuta hizo hauna pa kutokea ila kupanda hadi vyumba vya juu, alipolala mgonjwa au mtoto mchanga, na watoto wanaotoka chuo cha Kurani jioni, ambao tangu zamani walikimbia humo bila mzazi kuwa na wasiwasi, sasa inabidi wafuatwe na kushikwa mkono.

Nieleze jambo moja nililoliona kwa macho yangu, kwa kuwa ndilo lililonishikisha kalamu. Tulikuwa tunamzika bibi mmoja wa mtaani kwetu. Tulikwisha kumswalia baada ya Alasiri na tumelibeba jeneza mabegani kuelekea makaburini. Kila anayeijua Lamu anajua jeneza linapopita mambo huwa vipi: mwenye duka huacha kuuza, aliyekaa husimama, mwenye punda humvuta pembeni, na wanaume ambao hata hawakumjua marehemu huingia kupokezana bega kwa hatua chache, kutafuta thawabu. Tulipofika katikati ya kichochoro kirefu, pikipiki ikatokea mbele yetu, abiria nyuma na gunia la unga mbele ya dereva, ikapiga honi. Ikapiga tena. Waliotangulia wakamwashiria arudi nyuma, naye akasema hawezi kurudi na gunia lile, na kwamba abiria wake anaiwahi boti ya kuvukia Mokowe, ng'ambo ya bara. Aliombwa walau azime injini, na hakuizima. Tahlili yetu ikazama katika mngurumo ule, moshi ukatujaa vifuani, na nyuma yetu watu wengi wakawa wanasukumana bila kujua kilichotusimamisha. Mwishowe ikabidi jeneza liinuliwe juu kwa mikono, likiwa limelala upande, lipitishwe juu ya vichwa vya dereva na abiria wake, na wajukuu wa marehemu waliolishika upande wa ukuta wakachunwa na mawe hadi wakatoka damu. Bibi yule alizaliwa mtaa ule, akaolewa mtaa ule, akalea humo watoto wake na wa wenziwe, na siku anayotolewa nyumbani kwake kwa mara ya mwisho yeye ndiye aliyelazimika kupisha njia. Nilipoona gazeti lako linatuita wapinzani wa maendeleo, niliwakumbuka wajukuu wale, ambao ni vijana wa umri mmoja na dereva yule, na wala si wazee.

Huenda wasomaji wa mbali wakadhani hili ni suala la adabu tu. Serikali ilikwisha kuutangaza Mji wa Kale kuwa eneo la kuhifadhiwa tangu 1986, na mwaka 2001 UNESCO ikauandika katika orodha ya Urithi wa Dunia. Magofu ya Gede, kule kwa jirani zetu wa Malindi, yaliingia katika orodha hiyo mwaka 2024, na hayo ni magofu, hakuna anayelala humo. Lamu iliandikwa kwa sababu nyumba zake bado zina wenyewe, misikiti yake bado inaadhiniwa, na maisha ya Waswahili bado yanaendelea ndani ya kuta zile zile. Kuta hizo ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mkoko. Hazikujengwa kuhimili kugongwa na chuma kila siku, na pembe ya nyumba ya jirani yangu, pale pikipiki zinapokata kona, imemeguka kiasi kwamba akiiziba leo, haikai ila muda mfupi ikamegeka tena. Wala orodha ile si ya milele. Mwezi Julai 2021 mji wa Liverpool, nchini Uingereza, uliondolewa kwa sababu ya ujenzi mpya ulioharibu sura ya bandari yake ya kale, na wale hawakukosa fedha wala wataalamu. Eneo letu lililoandikwa ni hekta 16 tu. Mtu mwenye afya analikata kwa miguu kutoka mwisho wa Mkomani hadi Langoni bila kutokwa na jasho, kwa hivyo sielewi ni haraka ya kwenda wapi inayotajwa katika habari ile.

Kuna jambo jingine ambalo mwandishi wenu hakuligusa, nalo ni petroli. Pikipiki zikiwa nyingi lazima mafuta yawe karibu, na sasa yanauzwa katika chupa za maji, kwenye vibanda na hata ndani ya nyumba za kuishi, pembeni mwa majiko ya makaa. Mitaa yetu mingi bado ina paa za makuti, na ndani ya nyumba za mawe dari ni za boriti kavu za miaka na miaka. Moto ukishika humo hakuna gari la zimamoto litakaloweza kupenya. Watu watapokezana ndoo, kama walivyofanya kila mara mji huu uliposhikwa na moto. Wanaotuletea wageni mashuhuri na kuwaonyesha milango ya nakshi hupita mbele ya chupa hizo wakiziona, na sijasikia hata mmoja wao akiuliza ni za nini.

Sisemi vijana wasifanye kazi. Ni watoto wetu, na wengi wao baba zao walikuwa wavuvi. Mahakama Kuu ya Malindi yenyewe iliamua mwaka 2018 kwamba wavuvi wa Lamu walipwe fidia kwa hasara waliyoletewa na ujenzi wa bandari mpya, kwa hivyo hakuna asiyejua kwa nini kijana ameiacha mashua akashika usukani wa pikipiki. Najua pia kwamba mgonjwa wa Wiyoni au wa Kandahari anafikishwa hospitali haraka kwa njia za nyuma ya mji, na kwa hilo nawashukuru. Ninaowalaumu zaidi ni wanasiasa, ambao kila uchaguzi unapokaribia huwagawia vijana mafuta na fulana na kuwapanga msafara, na sasa 2027 iko mlangoni. Amri za kuzuia pikipiki ndani ya Mji wa Kale zimetangazwa zaidi ya mara moja. Zinafuatwa kwa siku chache, kisha anayepaswa kuzisimamia anakumbuka kura na kunyamaza.

Pendekezo langu ni hili. Wawekewe vituo viwili vyenye paa, kimoja upande wa Wiyoni na kingine karibu na hospitali, na baina ya vituo hivyo wapite nyuma ya mji peke yake, isipokuwa kwa mgonjwa au mama mjamzito. Mwenye pikipiki anayeishi ndani ya mji azime injini anapoingia kichochoroni na aisukume hadi kwake. Atakayekutwa ameiendesha humo asitozwe faini, kwa sababu faini hulipwa na tajiri mwenye pikipiki na kesho yake dereva yuko pale pale. Pikipiki ishikiliwe hadi dereva mwenyewe amalize siku kumi za kubeba mawe na kupondaponda chokaa kwa fundi anayekarabati nyumba za Mkomani, akilipwa ujira wa kibarua kama wenzake, ili ajue kwa mikono yake ukuta mmoja unagharimu nini. Petroli iuzwe nje ya mitaa ya makazi, na boti zinazovusha pikipiki kutoka Mokowe ziziteremshe nje ya Mji wa Kale, wala si mbele ya Ngome. Na za kwanza kushikiliwa ziwe pikipiki za wakubwa, zinazoendeshwa hadi milangoni mwa afisi zao, kwa kuwa kila tunapowakanya vijana, jibu lao ni kwamba wanapita palipopitwa na hao.

Mkaazi wa Mkomani,
Lamu