Malalamiko kuhusu vyungu 40 vya kujimwagilia visivyo na tundu la kutolea maji

Kitalu cha Miche ya Viungo,
Pasiansi, Ilemela,
Mwanza.

9 Desemba 2024

Meneja,
Idara ya Vifaa vya Bustani,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: VYUNGU VILIVYOOZESHA MIZIZI MSIMU WA VULI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaendesha kitalu kidogo cha miche ya viungo hapa Pasiansi, na wateja wangu wakubwa ni kaya na migahawa inayopenda kuwa na mnanaa, mrehani na rosemari karibu na jiko. Mwezi Juni mwaka huu nilinunua kwenu vyungu 40 vya kujimwagilia, kila kimoja kwa shilingi 28,000, kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa kwenye boksi lake kwamba chungu hiki "hudhibiti unyevu na kutoa maji ya ziada chenyewe, ndani na nje ya nyumba". Sehemu ya kwanza ya ahadi hiyo mmeitimiza nusu. Sehemu ya pili hamkuitimiza kabisa, na hilo ndilo linalonifanya niandike.

Niseme kwanza yaliyo mema, maana ni haki yenu. Kuanzia Julai hadi Septemba, wakati wa kiangazi chetu ambapo upepo wa ziwa hukausha udongo kabla ya saa sita mchana, vyungu hivi vilifanya kazi nzuri. Chumba cha maji cha chini, ambacho kwa kipimo changu kina kina cha sentimita 7 na hubeba takriban lita 3, kilitosha kulisha mnanaa kwa siku tisa au kumi bila mimi kushika ndoo. Tambi nne za kitambaa zinazoshuka kutoka kwenye udongo kupitia sahani yenye matundu zilipandisha maji vizuri, na boya dogo jekundu lilionyesha bila kukosea maji yamebaki kiasi gani. Niliwasifia wateja wangu vyungu hivi, na 12 kati yake niliviuza vikiwa tayari na mimea ndani, kwa shilingi 45,000 kila kimoja. Hilo linaniumiza kuliko hasara yenyewe, kwa kuwa waliamini neno langu.

Mvua za vuli zilipoanza mwishoni mwa Oktoba, mambo yaligeuka. Baada ya usiku mmoja wa mvua kubwa nilikuta boya limepanda hadi mwisho wa mrija wake kwenye vyungu vyote vilivyokuwa uani, na halikushuka tena kwa siku nyingi. Ndani ya wiki moja majani ya chini ya rosemari yalianza kugeuka manjano, kisha matawi yakalegea kama ya mmea wenye kiu. Dalili hiyo hudanganya hata mtu mwenye uzoefu, kwani mmea uliozama maji hunyauka sawa na mmea uliokauka: mizizi iliyokosa hewa haiwezi tena kuvuta maji hata kama imekaa ndani yake. Nilipong'oa mche wa kwanza, mizizi ilikuwa ya kahawia, ganda lake likivuliwa kwa vidole na kuacha uzi mwembamba, na udongo ulinuka kama tope la mtaro. Kati ya rosemari 10 zilizobaki kitaluni zilikufa 9, na mirehani 5 kati ya 8. Minanaa yote 10 ilipona.

Ninawaomba mtazame matokeo hayo kwa makini. Mnanaa hupenda unyevu mwingi na rosemari hupenda udongo unaokauka haraka. Mimea yote ilipata udongo uleule, samadi ileile na mkono uleule. Kama tatizo lingekuwa mbolea au ugonjwa ulioletwa na miche, vifo visingefuata mpangilio wa mmea upi unavumilia maji na upi hauvumilii.

Chanzo chake ni rahisi kukieleza. Chungu chenu hakina tundu lolote, si chini wala ubavuni. Mdomo wake una upana wa sentimita 30, kwa hiyo kila milimita 10 za mvua huingiza takriban mililita 700 za maji. Mvua ya milimita 50, ambayo katika vuli ya Mwanza si jambo la ajabu, huingiza lita 3 na nusu, yaani zaidi ya uwezo wa chumba kizima hata kama kilikuwa kitupu. Kama kilikuwa kimejazwa jana yake, kama kijikaratasi chenu kinavyoagiza, maji yote hayo hayana pa kwenda ila kupanda juu ya sahani na kujaza nafasi za hewa zilizomo katika udongo. Oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mara 10,000 hivi kuliko ndani ya hewa, na mizizi iliyozibiwa nafasi hizo huanza kufa, kisha kuvu wa maji wanaoozesha mizizi humalizia kazi.

Kijikaratasi chenyewe kiliongeza madhara. Kinaagiza kuweka tabaka la kokoto la sentimita 5 juu ya sahani "ili kusaidia maji kutoka". Ushauri huu husikika kila mahali na hata mimi niliukuta kwa wakubwa wangu wa kazi, lakini kampuni inayouza chombo cha kudhibiti unyevu inapaswa kujua kwamba si sahihi. Udongo laini hushika maji katika vinyweleo vyake kwa nguvu kuliko mapengo makubwa ya kokoto yanavyoweza kuyavuta, kwa hiyo maji hayashuki kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake uwe umelowa kabisa. Chukueni sponji iliyoloa, mwiache ilale bapa hadi iache kudondosha, kisha mwisimamishe hiyohiyo kwa upande wake mrefu: itadondosha tena, kwa kuwa kimo chake kimeongezeka. Tabaka la chini linalobaki limelowa lina unene uleule katika udongo uleule, chungu kiwe kirefu au kifupi. Ukipunguza kimo cha udongo kwa sentimita 5 za kokoto, hupunguzi maji. Unaisogeza sehemu iliyolowa karibu zaidi na shina.

Pia hamkusema ni udongo gani utumike, isipokuwa "udongo mzuri wa bustani". Hapa kwetu neno hilo halitoshi. Mlimani kwenye mawe kuna luseni, udongo wa kichanga unaopitisha maji haraka, na bondeni kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaoyashika kama gundi. Mteja anayejaza chungu kwa mbuga amekwisha kuua mmea wake kabla mvua haijanyesha.

Nilipopiga simu kwenye huduma yenu kwa wateja tarehe 5 Novemba, kijana aliyenipokea kwa adabu aliniambia kwamba nilimwagilia kupita kiasi, na kwamba vyungu nivihamishie ndani wakati wa mvua. Mimi sikumwagilia, ilinyesha. Na boksi lenu linasema "ndani na nje".

Sikutaka kuwalaumu kwa kubahatisha, hivyo kuanzia tarehe 8 Novemba nilipanda rosemari mpya katika vyungu 9 na kuvipima kila asubuhi kwa mizani ya dukani. Vitatu niliviacha kama mlivyoagiza. Vitatu nilivitoboa kwa msumari wa moto tundu moja ubavuni, sentimita 5 kutoka chini, ili maji ya ziada yatoke na kati ya maji na sahani ibaki hewa ya sentimita 2. Vitatu vya mwisho nilivitoboa hivyohivyo, nikaondoa kokoto na tambi mbili kati ya nne, na kuchanganya udongo na mchanga mkubwa pamoja na maganda ya mpunga yaliyochomwa hadi kuwa meusi, ambayo kwa wakulima wa mpunga wa kanda yetu ni kitu cha bure. Asubuhi baada ya mvua kubwa ya kwanza, vyungu vyenu vya asili vilikuwa vimeongezeka zaidi ya kilo 3 kila kimoja, na siku mbili baadaye uzito ulikuwa umeshuka kidogo tu. Vilivyotobolewa viliongezeka chini ya kilo moja. Katika wiki ya nne rosemari mbili kati ya tatu za vyungu vya asili zimenyauka. Za tundu peke yake zote zi hai, ingawa majani ya chini yamepauka. Za kundi la tatu zinachipua. Vyungu tisa ni vichache na siyatangazi haya kama utafiti, lakini tundu moja la msumari limefanya kile ambacho boksi liliahidi.

Lipo jambo lingine ambalo ni zito kuliko miche. Mrija wa kujazia maji hauna kifuniko wala wavu, na katika vyungu 11 nilikuta viluwiluwi vya mbu ndani ya chumba cha maji. Magonjwa yanayoenezwa na mbu katika mwambao huu wa ziwa hayahitaji kuelezwa, na chungu kinachowekwa kwenye baraza, hatua mbili kutoka dirisha la chumba cha kulala cha watoto, hakifai kuwa mazalia ya mbu. Kwa kuwa hakuna tundu la chini, njia pekee ya kumwaga maji hayo ni kukilaza chungu chenye uzito wa kilo 15 au zaidi pamoja na mmea wake.

Maji yanayoingia bila kutoka huleta pia chumvichumvi za mbolea juu ya udongo, na ukoko mweupe nimeuona tangu Septemba. Hilo nalo litapungua mkiweka njia ya kutokea.

Nimefikiri sana jinsi chungu hiki kingeweza kurekebishwa, kwa sababu wazo lake ninalipenda na sitaki life. Mtungi wa udongo usiotiwa rangi, ukifukiwa shambani na kujazwa maji, hutoa jasho kadiri udongo unavyokauka na kupunguza udongo unapokuwa umeloa; huo ndio udhibiti, na tambi zenu nne nene hazina uwezo huo kwa kuwa huendelea kupandisha maji hata udongo ukiwa bado na unyevu mwingi. Wekeni tundu ubavuni chini ya sahani, lenye kizibo ambacho mtu wa ndani atakifunga na wa nje atakiacha wazi. Wekeni jingine chini kabisa la kumwagia maji yote. Tambi ziweze kutolewa moja moja kulingana na mmea, mrija uwe na wavu, na kijikaratasi kifute habari ya kokoto na kieleze mchanganyiko wa udongo kwa vipimo vya ndoo.

Kuhusu fidia, wateja wangu 7 kati ya 12 walirudisha vyungu vyao na niliwarudishia shilingi 45,000 kila mmoja. Hivyo nina vyungu 35, na kati ya hivyo sidai 6 nilivyotoboa, kwa sababu sasa vinafaa. Ninaomba mvichukue vilivyobaki 29 na kunirejeshea shilingi 812,000, pamoja na shilingi 119,000 ambazo ni tofauti niliyobeba kwa wale 7, jumla shilingi 931,000. Miche iliyokufa kitaluni sijaihesabu. Ninaomba vilevile mwatangazie wanunuzi wengine, kwa maandishi, kwamba chungu hiki kisiwekwe kwenye mvua kabla hakijatobolewa, maana masika ya Machi hayako mbali.

Sheria ya Mauziano ya Bidhaa inataka bidhaa ifae kwa kazi ambayo mnunuzi ameinunulia, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Nitasubiri majibu yenu kwa siku 21 kuanzia tarehe ya barua hii kabla ya kuipeleka nakala yake kwa Tume ya Ushindani. Fundi wenu akija Mwanza kabla ya hapo, vyungu vyote tisa vya majaribio vipo uani pamoja na daftari la uzito wa kila asubuhi, na nitamwonyesha.

Nawasilisha.

Mwenye kitalu,
Pasiansi, Mwanza